Pembe za Shamba: Taifa na Mgeni Aliye Mpakani

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 22:21; 23:9; Law. 19:9, 10, 33, 34, Hes. 20:14–21, 35:9–15, Kum. 2:4–6, 23:3, 4, 15, 16, 24:17–22, Ruthu 2, 1 Sam. 22:3, 4, Oba. 10–14, Mt. 2:13–15, Rum. 13:1–7.

Fungu la Kukariri: Mambo ya Walawi 19:34. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake na kulihifadhi moyoni kabla ya Sabato ijayo.

Katika milima ya Umatengo, kuanzia Mbinga hadi pande za Kingerikiti, mkulima hulima ngoro. Hufyeka majani, huyapanga katika miraba juu ya mteremko, kisha huyafukia kwa udongo mpaka kila mraba uwe shimo lenye matuta pande zote. Mvua ikinyesha, maji hayateremki na udongo, hukaa shimoni. Wageni wengi huusifu ustadi huo. Wachache huuliza kwa nini watu walichagua kulima mahali penye mteremko mkali namna hiyo.

Jibu ni kwamba wengi hawakuchagua. Katika karne ya 19, Wangoni walipoingia Ungoni na vita vyao, mababu wa Wamatengo walikimbilia milimani. Wangoni wenyewe walikuwa wametoka kusini ya mbali, wakiyakimbia mapigano ya nchi ya Wazulu. Basi ngoro ni ukumbusho wa kukimbia, na leo ndiyo huilisha familia.

Kusini mwa Kingerikiti uko mpaka wa Msumbiji. Mara kadhaa katika uhai wa wazee walio hai, watu wengi wamevuka mpaka huo wakiwa na watoto mgongoni na vifurushi kichwani. Juma hili somo linauliza: Watu wengi wanapofika mpakani kwa mara moja, taifa linalomcha Mungu litende nini? Na kundi dogo la waumini kijijini lina sehemu gani katika jibu hilo?

JUMAPILI
Moyo wa Mgeni

Soma Kutoka 22:21; 23:9 na Mambo ya Walawi 19:33, 34. Ni sababu gani inayorudiwa katika mafungu haya? Kwa nini Mungu hakutoa amri tu bila kutaja sababu?

Amri ya kumtendea mgeni haki hurudiwa mara nyingi katika vitabu vya Musa. Mara nyingi huambatana na sababu ileile: Israeli nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Katika Kutoka 23:9 sababu hiyo inaingia ndani zaidi. Israeli wanaijua nafsi ya mgeni. Wanajua mtu anavyojisikia anapoamka asubuhi katika nchi ambayo hana shamba, hana shangazi, wala hana mzee wa kumsemea barazani.

Kiebrania kina maneno zaidi ya moja kwa ajili ya mgeni. Neno ger humtaja mgeni anayekaa katikati ya watu, akitegemea ulinzi wao. Neno nokri humtaja mtu wa taifa jingine, mpita njia au mfanyabiashara ambaye kwao bado kupo. Sheria haikuwapa wote wawili mambo yote sawa. Hata hivyo, katika hukumu sheria ilikuwa moja kwa mwenyeji na kwa mgeni (Law. 24:22). Mungu hakufuta tofauti kati ya mataifa, bali alikataza tofauti hiyo isiwe kisingizio cha dhuluma.

Watu wa Ruvuma wana sababu ya kulielewa neno hili. Wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, Wajerumani walipochoma maghala na mashamba, watu wa upande huu walivuka mto Ruvuma kwenda upande uliotawaliwa na Wareno ili kuokoa maisha yao. Mto huo haujavukwa kwa upande mmoja tu. Anayevuka leo kuja kaskazini huenda bibi yake aliwahi kumpa ugali mtu aliyevuka kwenda kusini.

Je, ni tukio gani katika historia ya ukoo wako linalokufanya uijue nafsi ya mgeni? Watoto wako wanalijua?

JUMATATU
Edomu Mpakani

Soma Hesabu 20:14–21. Israeli waliomba nini, na walitoa ahadi zipi? Edomu alijibuje?

Hapa Biblia inaonyesha jambo lenyewe linaloulizwa juma hili: umati mkubwa umefika mpakani. Israeli hawakuwa mtu mmoja mwenye njaa. Walikuwa taifa zima na mifugo yao. Waliahidi kupita katika njia kuu, wasiguse shamba wala mzabibu, na wakinywa maji, walipe. Mungu mwenyewe alikuwa amewaonya wasimchokoze Edomu, kwa kuwa nchi ile alimpa Esau, na chakula na maji wavinunue kwa fedha (Kum. 2:4–6). Kwa hiyo mpaka wa Edomu ulikuwa halali. Anayehama naye ana wajibu wa kuuheshimu.

Hofu ya Edomu nayo haikuwa ya kubuni. Umati unaweza kumaliza maji ya kisima kwa siku moja. Tanzania inalijua hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi. Wilaya ya Ngara ilipokea kambi kubwa kuliko miji mingi ya nchi. Misitu ilikatwa kwa kuni, na ndani ya kambi walijificha baadhi ya watu waliokuwa wameua. Tena Oktoba 2020, wenye silaha walivuka kutoka Cabo Delgado wakakishambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Serikali inayowalinda watu wa Kitaya inafanya kazi yake.

Basi kosa la Edomu lilikuwa wapi? Soma Obadia 10–14. Nabii hamlaumu Edomu kwa kuwa na mpaka. Anamlaumu kwa kusimama kando ndugu yake alipoangamizwa, na zaidi kwa kukaa kwenye njia panda ili kuwakamata waliotoroka na kuwatia mikononi mwa adui zao.

Sheria ya Mungu ilionyesha njia nyingine. Soma Hesabu 35:9–15. Miji ya makimbilio ilikuwa wazi kwa mwana wa Israeli na kwa mgeni pia. Aliyekimbilia humo hakuhesabiwa kuwa hana hatia moja kwa moja. Muuaji wa makusudi hakulindwa. Lakini hakuna aliyetolewa kabla ya kusimama mbele ya mkutano na kusikilizwa. Mlango ulifunguliwa kwanza, ndipo shauri likasikilizwa. Edomu alifanya kinyume: alitoa hukumu kwa umati mzima bila kumsikiliza hata mmoja.

Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, maelfu ya watu walikimbia na wengine wakaelekea Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza hadharani mwaka huo kwamba maelfu walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Ukikumbuka Kitaya, hofu inaeleweka. Ukimsoma Obadia, swali linabaki: Je, kila mmoja alisikilizwa?

JUMANNE
Masazo ya Shambani

Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10 na Kumbukumbu la Torati 24:17–22. Mwenye shamba aliagizwa kufanya nini? Mgeni aliachiwa kufanya nini?

Ni rahisi kusoma mafungu haya upesi na kudhani yanahusu sadaka tu. Angalia vizuri. Mwenye shamba hakuagizwa apike na kumpelekea mgeni sahani. Aliagizwa asivune mpaka kwenye pembe, asirudie mganda aliousahau, na asipukutishe mzeituni mara ya pili. Kilichobaki kilikuwa cha mgeni, yatima na mjane. Nao walipaswa kuamka alfajiri, kuinama juani, kuokota na kubeba wenyewe. Heshima ya mwenye shamba ilikuwa katika kuacha nafasi; heshima ya mgeni ilikuwa katika kufanya kazi.

Wazee wa Kiswahili walilisema jambo hilo kwa ufupi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumfukuza mvivu. Lakini ina upande wa pili ambao husahauliwa. Anayempa mgeni jembe lazima ampe na mahali pa kulitumia. Jembe bila ardhi ni dhihaka.

Tanzania iliwahi kutenda hivyo. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, wakimbizi walivuka kuingia mikoa ya kusini. Hawakuachwa wote wakae wakisubiri mgao. Yalifunguliwa makazi ya kilimo, miongoni mwake Lundo karibu na Ziwa Nyasa, Muhukuru upande wa Songea, na Rutamba mkoani Lindi. Taifa lenyewe lilikuwa changa na maskini, na ukarimu huo ulikuwa na gharama, kwa maana majeshi ya Ureno yalishambulia baadhi ya vijiji vya mpakani. Uhuru wa Msumbiji ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao wakiwa wakulima, si ombaomba.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Misitu iligeuka kuwa mashamba, na miaka mingi baadaye zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowatumikia wakimbizi.

Baada ya 1994 hali ilibadilika. Watu walikuwa wengi mno, na wakimbizi wakakazwa kambini. Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda warejee kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo. Anayekatazwa kulima huishi kwa mgao. Na anayeishi kwa mgao siku zote, mwenyeji humwona kuwa mzigo. Hapo chuki hupata mbolea.

Je, katika shamba lako, duka lako au ofisi yako, pembe ya mgeni iko wapi? Au huvuna mpaka ukingoni?

JUMATANO
Mmoabi Mezani pa Boazi

Soma Kumbukumbu la Torati 23:3, 4. Kwa nini Mmoabi alizuiwa kuingia katika mkutano? Kisha soma Ruthu 2:8–16.

Sababu ya kwanza inayotajwa ni kwamba Wamoabi hawakutoka kuwalaki Israeli kwa mkate na maji walipokuwa njiani. Ni kisa kingine cha mpaka na umati. Israeli walilikumbuka jambo hilo kwa vizazi vingi.

Sasa Mmoabi anaingia Bethlehemu, naye ni mwanamke, mjane, hana mtoto. Anapozungumza na Boazi anajiita mgeni kwa lile neno kali zaidi, yaani mtu wa taifa jingine asiye na dai lolote. Boazi angeweza kufungua kitabu na kumsomea makosa ya babu zake. Badala yake alimwambia anywe maji katika vyombo vya watumishi, na wakati wa chakula akampa mkate. Maji na mkate: vitu vilevile ambavyo Moabu aliwanyima Israeli. Boazi hakulipiza. Alikata mnyororo wa kinyongo.

Tazama pia utaratibu uliokuwapo. Boazi aliuliza kwanza msichana yule ni nani. Ruthu aliomba ruhusa kabla ya kuokota. Boazi aliwakataza vijana wasimguse, kwa sababu mwanamke mgeni shambani ni rahisi kuonewa. Kisha aliwaagiza waache makusudi masuke yaanguke. Kuna kuuliza, kuna ruhusa, kuna ulinzi, kuna wema unaozidi sheria. Taifa likitaka mfano wa kupokea wageni, mambo hayo manne yamo katika shamba hilo moja.

Soma 1 Samweli 22:3, 4. Daudi, kitukuu cha Ruthu, alipowindwa na Sauli, aliwapeleka wazazi wake wapi?

Aliwapeleka Moabu, na mfalme wa Moabu akawapokea. Mlango uliofunguliwa Bethlehemu ulifunguka Moabu vizazi vitatu baadaye. Na katika ukoo huohuo alizaliwa Mtoto ambaye wazazi wake walimkimbiza usiku kwenda Misri (Mt. 1:5, 2:13–15). Mwokozi alivuka mpaka akiwa mikononi mwa mama yake, akitafutwa na mfalme. Maandiko hayasemi kwamba mtu yeyote wa Misri alimrudisha.

Katika vita vya pili vya Msumbiji, vilivyokoma kwa mapatano ya Roma ya Oktoba 1992, zaidi ya watu 1,000,000 walikimbilia Malawi, ng’ambo ya Ziwa Nyasa, nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 10 hivi. Mkoa wa Ruvuma nao ulipokea wengine, hasa katika makazi ya Likuyu. Amani ilipokuja, walio wengi walirudi. Nchi maskini hazikuzama. Zilielemewa, lakini hazikuzama.

ALHAMISI
Mamlaka na Dhamiri

Soma Warumi 13:1–7 na Matendo 5:29. Mafungu haya mawili yanakaaje pamoja?

Chukua mfano huu. Ni Ijumaa jioni Kingerikiti. Jiko limezimwa, nguo za kanisani zimekunjwa. Mama asiyejulikana anabisha hodi nyumbani kwa shemasi akiwa na watoto wawili. Anasema Kiswahili chenye lafudhi ya ng’ambo. Hana karatasi yoyote. Anasema nyumba yao imechomwa na mumewe haonekani.

Wapo watakaosema: “Mfiche, usimwambie mtu.” Wengine watasema: “Usimfungulie, utajiingiza matatani.” Ushauri wa kwanza unavunja uaminifu kwa mamlaka, wa pili unavunja sheria ya Kristo. Iko njia ya tatu. Wapewe maji ya kuoga, chakula na mahali pa kulala. Kuokoa uhai hakuvunji Sabato. Kisha mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wajulishwe. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa viongozi. Lakini mama yule asiende peke yake. Mzee wa kanisa na mama mmoja wa Dorkasi wafuatane naye, waketi upande wake, na waombe kwa adabu kwamba maelezo yake yaandikwe kabla ya uamuzi wowote. Mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969, ambao Tanzania iliuridhia, unakataza mtu kurudishwa mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Kuikumbusha serikali neno ililolitia sahihi yenyewe si uasi.

Na ikiwa, baada ya yote, amri itatoka kwamba arudishwe kwenye moto? Soma Kumbukumbu la Torati 23:15, 16. Israeli walikatazwa kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka. Waanzilishi wa kanisa la Waadventista walikutana na swali hilo ana kwa ana. Mwaka 1850 Marekani ilipitisha sheria iliyowataka raia wasaidie kuwakamata watumwa waliotoroka. Ellen G. White, aliyefundisha utii kwa mamlaka, mwaka 1859 aliwaandikia waumini kwamba sheria ile haikupaswa kutiiwa, na kwamba waliokataa wawe tayari kubeba adhabu yake. Hakuwafundisha kupigana wala kusema uongo. Aliwafundisha kwamba mikono ya Mkristo isitumike kumrudisha mtu utumwani.

Utii kwa serikali ni wajibu wa kila siku. Kukataa ni kwa saa ile tu ambapo kutii ni kutenda dhambi, na hufanywa waziwazi, bila jeuri, kwa kukubali gharama.

Je, kundi lako limewahi kuzungumza na viongozi wa kijiji kabla shida haijafika? Ni nani angefuatana na mama huyo?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, sura inayoeleza habari za Msamaria mwema. Linganisha na Mathayo 25:31–46.

Katika hukumu ile Kristo anakusanya mataifa yote mbele zake. Kisha anawatenga mmoja mmoja, na maswali yake ni ya nyumbani kabisa: maji, chakula, nguo, mgeni aliyekaribishwa au asiyekaribishwa. Jibu la taifa kwa mgeni hutungwa Dodoma, lakini hutendwa kijijini. Waziri anaweza kutia sahihi amri njema na kijiji kikaiharibu kwa kumpa mgeni ardhi ya mawe. Amri inaweza kuwa ngumu, na mtendaji mmoja mwenye kicho cha Mungu akasikiliza kwa saa moja zaidi na kuokoa familia.

Neno la Mungu haliyaombi mataifa yabomoe mipaka yake, wala haliyaruhusu yajifiche nyuma yake. Linaagiza shamba liwe na mwenyewe, nalo liwe na pembe. Mwenye shamba anayeogopa kwamba pembe hizo zitamfilisi akumbuke ahadi iliyomo katika Kumbukumbu la Torati 24:19: baraka imewekwa juu ya kazi ya mikono ya yule anayeuacha mganda nyuma bila kuurudia.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya taifa linalolinda mpaka wake na Edomu anayeshutumiwa na Obadia? Taja mambo ambayo yangeonyesha kwamba mstari huo umevukwa.

2. Jirani anasema, “Ardhi haitoshi hata watoto wetu, wageni wataimaliza.” Katika vilima ambako mashamba ni haba, maneno yake si ya bure. Kundi lijadili jibu ambalo halimdharau jirani wala halimfungii mgeni mlango.

3. Mgeni naye ana wajibu. Soma Yeremia 29:4–7. Wakimbizi wanaopokelewa wafundishwe nini kuhusu nchi iliyowapokea?

4. Rudi kwenye mfano wa Alhamisi. Amueni kama kundi, si kwa maneno ya jumla: nani angewalaza, nani angepika, nani angekwenda ofisini, na sadaka ya Dorkasi ingetumikaje. Andikeni majina, kisha ombeni kwa ajili ya wote waliotajwa.